Earle MacPherson: Mhandisi ambaye struti yake imebeba mbele ya Corolla na Probox

Wafanyabiashara wanaovusha bidhaa kwa magari madogo Namanga, Busia, Malaba na Rusumo hulifahamu jina la MacPherson hata kama hawajui ni la nani. Limeandikwa katika vitabu vya magari, katika orodha za spea na katika matangazo ya wauzaji wa magari yaliyotumika kutoka Japani, kwenye mstari unaoeleza shokapu za mbele. Wengi hudhani ni kampuni ya spea.

MacPherson hakuwa na kampuni wala kiwanda. Alikuwa mhandisi wa kuajiriwa, Mmarekani, aliyefariki mwaka 1960 kabla uvumbuzi wake haujaenea duniani. Alichobuni kilikusudiwa gari la bei nafuu ambalo halikuwahi kuuzwa. Kisa hicho kina faida kwa msafirishaji wa leo, kwa sababu sifa ile ile iliyoifanya struti kuwa rahisi ndiyo inayoleta matatizo mtu anapobadilisha shokapu za gari kuukuu kwa kubahatisha.

Utoto na kazi za awali

Earle Steele MacPherson alizaliwa tarehe 6 Julai 1891 katika mji wa Highland Park, jimbo la Illinois, kaskazini mwa Chicago. Mji huo usichanganywe na Highland Park ya Michigan, alikojenga Henry Ford kiwanda cha Model T. Ni miji miwili tofauti, ingawa mtoto huyu wa Illinois alikuja kumalizia kazi yake Ford.

Alisoma uhandisi katika Chuo Kikuu cha Illinois akahitimu mwaka 1915, kisha akaenda Detroit kufanya kazi katika kampuni ya magari ya Chalmers. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza alitumikia jeshi la Marekani huko Ulaya, akishughulika na injini za ndege. Aliporudi aliingia kampuni ya Liberty, nayo ya Detroit, na mwaka 1923 akahamia Hupp, waliokuwa wakitengeneza gari la Hupmobile.

Majina yote matatu yametoweka sokoni. Liberty ilianguka mwaka 1923. Chalmers ilimezwa na Maxwell, ambayo nayo ikageuka kuwa Chrysler. Hupp ilidhoofishwa na mdororo wa uchumi ulioanza mwaka 1929 na ikaacha kutengeneza magari mwanzoni mwa miaka ya 1940. Kwa karibu miaka ishirini, basi, MacPherson alikula mshahara wa makampuni madogo yasiyo na mtaji wa kukosea, ambako boliti moja ya ziada kwenye gari ni gharama inayoonekana. Somo hilo halipatikani chuoni.

Mwaka 1934 alijiunga na General Motors, iliyokuwa kampuni kubwa kuliko zote, na mwaka uliofuata akawa mhandisi mkuu wa usanifu katika tawi la Chevrolet.

Wakati huo Chevrolet ilikuwa na shida na saspensheni, yaani mfumo wa springi na shokapu unaobeba gari. Kuanzia modeli za mwaka 1934 ilikuwa imeweka mbele ya baadhi ya magari yake mfumo wa Mfaransa André Dubonnet, ambao springi na shokapu zilifungiwa ndani ya chombo kimoja kilichojaa mafuta. Gari lilikuwa laini barabarani. Lakini mafuta yakivuja ulaini unakwisha, na yalivuja mara nyingi. Kwa modeli za 1939 Chevrolet iliachana nao ikachukua mfumo wa mikono miwili kila upande, mmoja juu na mmoja chini, springi ikiwa katikati.

Mikono miwili ilifanya kazi vizuri, na hadi leo ipo kwenye pikapu na magari mengi mazito. Kasoro yake ni wingi wa vipande. Kila gurudumu linahitaji mkono wa juu na bushi zake, mkono wa chini na bushi zake, springi yake, shokapu yake, na chasisi imara ya kuvifunga vyote hivyo. Kwa gari kubwa la bei kubwa haina neno.

Gari dogo la Chevrolet

Mwaka 1945, Vita Kuu ya Pili ikimalizika, viongozi wa General Motors waliogopa kwamba uchumi ungeporomoka tena kama ulivyofanya baada ya 1929, na kwamba wanajeshi wanaorudi nyumbani wasingeweza kununua magari makubwa. MacPherson alipewa kuongoza mradi wa gari dogo la Chevrolet, lililokuja kuitwa Cadet. Bei iliyolengwa haikuzidi dola 1,000 na uzito ulikuwa kama kilo 1,000, wakati ambapo Chevrolet za kawaida zilikuwa na zaidi ya kilo 1,300.

Njia nyepesi ingekuwa kuchukua gari kubwa na kulipunguza pande zote. MacPherson hakupita huko. Alianza upya, akataka kila gurudumu kati ya manne liwe na mwendo wake lenyewe, jambo ambalo Chevrolet za wakati huo hazikuwa nalo. Kwa hesabu ya mikono miwili, mifumo minne ya namna hiyo ingekula bei yote ya gari.

Ufumbuzi wake ulikuwa kuipa shokapu kazi ya pili. Shokapu ya kawaida hutuliza tu mtikisiko wa springi. Ikitolewa gari litarukaruka lakini gurudumu halitatoka mahali pake. MacPherson aliinenepesha shokapu, akaikaza chini kwenye kitovu kinachobeba gurudumu, akaifunga juu kwenye bodi ya gari, na springi akaizungushia kwenye shokapu hiyo hiyo. Mkono wa juu ukawa hauna kazi, ukaondolewa. Ukabaki mkono mmoja wa chini wenye bolijointi. Usukani ukikatwa, struti nzima huzunguka pamoja na gurudumu, juu ikigeukia kwenye maunti yenye raba na baringi.

Wazo la kuunganisha springi na shokapu kuwa nguzo moja halikutoka hewani. Guido Fornaca wa Fiat alikuwa amechora kitu kinachofanana nalo huko Italia katika miaka ya 1920. Kilichokuwa kipya kwa MacPherson ni mpangilio mzima uliofaa kutengenezwa kwa wingi na kwa bei ndogo, kwenye gari ambalo bodi yenyewe ndiyo inayobeba uzito.

Fundi yeyote wa gereji anaweza kuona faida zake. Vipande ni vichache, na struti inaweza kufungwa nje ikiwa kamili kisha ikapandishwa kwenye gari kwa boliti chache. Uzito wa gari unaingia kwenye bodi sehemu ya juu, chini ya boneti, mbali na sehemu ya chini, kwa hiyo katikati panabaki nafasi kubwa ya injini. Nafasi hiyo ndiyo iliyokuja baadaye kuruhusu injini kulazwa upande kwa upande katika magari yanayovutwa na magurudumu ya mbele, ambayo leo ndiyo mengi.

Cadet haikufika sokoni. Mwaka 1947 General Motors iliufuta mradi. Mdororo ulioogopwa haukuja. Wamarekani walikuwa na fedha za miaka ya vita na walinunua kila gari kubwa lililotoka kiwandani, huku chuma kikiwa adimu. Aidha, gari dogo halikuwa nafuu kulitengeneza kama ilivyodhaniwa: milango ni ile ile, usukani ni ule ule, vibarua ni wale wale. Kampuni haikuona sababu ya kutumia chuma chake kwenye bidhaa yenye faida ndogo. Kwa mfanyabiashara hesabu hiyo inaeleweka, ingawa ilizika kazi ya miaka miwili.

Kuhamia Ford

Mwaka huo huo wa 1947 MacPherson aliondoka General Motors akaenda kwa mshindani, Ford, alikovutwa na Harold Youngren, aliyekuwa mkuu wa uhandisi wa kampuni hiyo. Ford ilikuwa imetoka katika utawala wa mzee Henry Ford, aliyefariki Aprili 1947, na mjukuu wake Henry Ford wa Pili alikuwa akiajiri watu wenye uzoefu wa General Motors ili kuinusuru kampuni.

Kulikuwa na tatizo la kisheria. Michoro ya kwanza ya struti ilikuwa mali ya General Motors, ambayo iliombewa hataza mwaka 1947. MacPherson aliurekebisha mpangilio, na mwaka 1949 Ford ikaomba hataza yake. Zote mbili zilitolewa mwaka 1953, na zote zina jina lake.

Ford ya Marekani haikuwa na gari la kuiweka struti. Magari yake yalikuwa makubwa, juu ya chasisi, na struti inataka bodi iliyojengwa kuwa imara yenyewe. Nafasi ilipatikana Uingereza. Mwaka 1950 tawi la Ford la huko lilitoa magari mawili mapya, Consul yenye injini ya silinda nne na Zephyr yenye sita, ya kwanza ya Ford Uingereza yasiyo na chasisi ya kujitenga. Mbele yake kulikuwa na struti za MacPherson. Zikafuata Anglia, Cortina na Escort kwa mpangilio huo huo.

Katika magari mengi ya ukoo huo stabilaiza, ile fimbo inayounganisha pande mbili za mbele ili gari lisilale kwenye kona, ilipewa pia kazi ya kuzuia gurudumu lisirudi nyuma. Chuma kimoja, kazi mbili. Bushi za stabilaiza zikichakaa katika gari kama hilo, gurudumu hucheza mbele na nyuma dereva anapokanyaga breki, na mwenye gari huweza kununua shokapu mpya bila kutibu ugonjwa.

Zephyr Afrika Mashariki

Magari ya Ford kutoka Uingereza yaliletwa kwa wingi Kenya, Uganda na Tanganyika, na hapa struti ilipata mtihani ambao barabara za Uingereza zisingeweza kuutoa. Mwaka 1953 yalianzishwa mashindano ya Coronation Safari, yaliyovuka nchi hizo tatu kwa njia za udongo. Magari yalipaswa kuwa yale yanayouzwa madukani, si ya kutengenezwa kwa mashindano. Mwaka 1955 Vic Preston na D. P. Marwaha walishinda wakiwa na Ford Zephyr. MacPherson alikuwa bado hai, makamu wa rais wa Ford huko Michigan.

Baada ya hapo orodha ya washindi wa Safari inasomeka kama orodha ya magari yenye struti mbele: Peugeot 404 mwaka 1963, Ford Cortina mwaka 1964, Peugeot 404 tena mwaka 1966 na 1967 ikiendeshwa na Bert Shankland wa Tanzania, na mwaka 1968 pia. Ikafuata Datsun 240Z mwaka 1971 na 1973, Ford Escort mwaka 1972 na 1977, Peugeot 504 mwaka 1975 na 1978, na Datsun 160J miaka minne mfululizo kuanzia 1979 chini ya Shekhar Mehta. Volkswagen, Mercedes na Volvo nazo zilishinda kwa mifumo yao, kwa hiyo haiwezi kusemwa kwamba struti ndiyo iliyoleta ushindi. Inachoonyesha ni kwamba kifaa kilichobuniwa kwa ajili ya unafuu hakikuvunjika mahali ambapo vingi vilivunjika.

Peugeot 504 ilibaki barabarani muda mrefu baada ya mashindano. Iliunganishwa Kenya, ikawa teksi ya safari ndefu kati ya miji na pikapu ya wafanyabiashara, na wapo madereva wa rika fulani ambao hadi leo hawakubali kwamba kuna gari lililowahi kuimeza barabara mbovu kuliko hiyo.

Miaka ya mwisho

Mwaka 1952 MacPherson alikuwa mhandisi mkuu wa Ford, na baadaye makamu wa rais anayesimamia uhandisi. Alistaafu mwaka 1958 akafariki Januari 1960 akiwa na umri wa miaka 68.

Alipofariki, struti ilikuwa bado ni kitu cha Ford ya Ulaya na wachache walioiga. Mwaka 1966 Corolla ya kwanza ilitoka ikiwa na struti mbele, na hapo njia ikafunguka. BMW na Porsche walikuwa tayari wameichukua. General Motors, iliyoifuta Cadet mwaka 1947, ilirudi kwenye struti za mbele katika magari yake madogo ya modeli za 1980, yakiwemo Chevrolet Citation. Miaka 33 ilikuwa imepita, na mwenye wazo alikuwa kaburini kwa miaka ishirini.

Struti za nguvu katika gari kuukuu

Magari mengi yanayofanya biashara ya mipakani, iwe Corolla ya miaka ya 1990, Probox iliyotumika Japani kwa miaka mingi, au Subaru, yamefika hapa shokapu zikiwa zimechoka. Wenye magari huulizia struti za gesi au zile zinazouzwa kama za mashindano, wakitumaini gari litabeba zaidi na kukimbia zaidi. Sehemu ya matumaini hayo ni ya haki na sehemu si ya haki, na mgawanyo unatokana na mchoro wa MacPherson mwenyewe.

Kilicho cha haki ni hiki. Ndani ya struti ya kawaida kuna mafuta yanayosukumwa kupitia matundu madogo kila gurudumu linapopanda na kushuka. Kwenye barabara ya changarawe yenye mawimbi kazi hiyo hufanyika mara nyingi kwa sekunde, mafuta hupata moto na kutoa povu, na povu halizuii kitu. Dereva huhisi usukani ukielea na gari likitambaa kando. Struti zenye gesi ya naitrojeni huyaweka mafuta chini ya mgandamizo ili yasitoe povu haraka. Mfaransa Christian Bourcier de Carbon alibuni mwanzoni mwa miaka ya 1950 shokapu ya bomba moja yenye gesi nyingi iliyotengwa na mafuta, na Bilstein wa Ujerumani wakaifanya bidhaa ya kiwandani kuanzia 1957. Bomba moja hupoa upesi kuliko bomba mbili kwa sababu ukuta wake unagusa hewa. Katika struti za mashindano huwekwa mara nyingi kichwa chini, ili sehemu nene ndiyo ipokee nguvu za ubavuni.

Nguvu hizo za ubavuni ndizo udhaifu mkuu wa mpangilio wa MacPherson. Kwa kuwa struti inashikilia gurudumu, kila kona na kila breki huusukuma mhimili wake upande, ukasugua sili na bushi ya ndani. Ndiyo maana viwanda huipachika springi ikiwa imeinama kidogo, ili ipinge msukumo huo. Struti ya bei rahisi yenye mhimili mwembamba inaweza kuwa ngumu siku ya kwanza na kuvuja baada ya safari chache za changarawe. Unene wa mhimili na ubora wa sili ni mambo ya kutazama kabla ya rangi na stika.

Kisicho cha haki ni kudhani kwamba struti ngumu huongeza uzito ambao gari linaruhusiwa kubeba. Struti ya gesi hutuliza mwendo. Uzito hubebwa na springi, na kiwango cha juu kimewekwa na kiwanda kwa kuangalia pia breki, baringi, ekseli na tairi. Tena mizigo ya magari haya hukaa nyuma, na mabadiliko ya mbele peke yake hayaugusi. Mbele ikiwa ngumu na nyuma ikiwa imelala kwa mzigo, taa zitaangalia juu na magurudumu ya usukani yatakuwa mepesi, jambo la hatari kwenye mteremko. Wenye Corolla za saluni za miaka ya 1990, ambazo nyuma nako zina struti, wana nafuu ya kubadilisha zote nne kwa pamoja.

Mtindo wa kuinua gari kwa kuweka spesa juu ya struti unastahili kutazamwa peke yake, kwa kuwa umeenea sana. Spesa haibadilishi shokapu wala springi. Husogeza struti nzima chini kutoka kwenye bodi. Gari hupata nafasi ya kupita matuta, lakini mkono wa chini hubaki umeinama, bolijointi na jointi za ekseli ya mbele hufanya kazi kwenye pembe ambayo hazikupangiwa, na tairi hulika upande mmoja. Kadiri spesa inavyozidi unene ndivyo raba za jointi zinavyopasuka mapema. Springi sahihi ya gari hilo, yenye urefu na ugumu uliopangwa pamoja na shokapu yake, ni ghali zaidi siku ya kununua na rahisi zaidi mwishoni mwa mwaka.

Kushusha gari nako kuna hasara yake. Katika mpangilio wa mikono miwili, mkono wa juu husaidia kuirekebisha tairi isimame vizuri gari linapolala kwenye kona. Struti haina mkono huo. Gari likishushwa sana, pembe ya mkono wa chini huharibika na tairi ya nje hukanyaga kwa bega badala ya uso wote.

Kabla ya kununua chochote, gari kuukuu likaguliwe pale struti inapofungwa kwenye bodi, chini ya boneti. Uzito wote wa kona hiyo ya gari hupita kwenye bati hilo. Magari yaliyotumika katika maeneo ya Japani yenye theluji, ambako chumvi humwagwa barabarani, huweza kuwa na kutu iliyofichwa na rangi mpya au gundi, na struti ngumu hupeleka vishindo vikubwa zaidi kwenye bati lililooza. Nyufa zikionekana, pesa za struti ziende kwanza kwa fundi wa bodi.

Katika ufungaji, struti hubadilishwa kwa jozi, kushoto na kulia. Maunti ya juu, baringi yake, raba ya kuzuia kugonga na kifuniko cha vumbi vibadilishwe wakati huo huo, kwani kazi ya kuvifikia ni ile ile na maunti iliyokufa hugonga hata struti ikiwa mpya kabisa. Magari ya zamani, kama Escort na Datsun za miaka ya 1970, yana bomba la struti ambalo hufunguliwa nati juu na kuwekewa katriji mpya ndani. Mengi ya kisasa hubadilishwa bomba zima. Springi ibanwe kwa kifaa chake maalumu, pande zote mbili sawasawa. Springi iliyobanwa kwa waya au kwa nguvu za vijana wawili ikichomoka huua, na gereji zimewahi kuona hayo.

Boliti za mkono wa chini zenye bushi za raba zikazwe kwa mara ya mwisho magurudumu yakiwa chini na gari limebeba uzito wake. Zikikazwa gari likiwa kwenye jeki, raba hubaki imejikunja muda wote na hukatika mapema.

Baada ya hapo gari lipelekwe kupimwa alaimenti siku hiyo hiyo, kabla halijapakiwa mzigo. Katika mpangilio huu struti ndiyo inayoamua mlalo wa tairi, na boliti mbili zinazoifunga kwenye kitovu cha gurudumu zina nafasi ndogo ya kucheza. Milimita chache hapo hutosha kumaliza jozi ya tairi mpya kabla ya safari za mwezi mmoja kwisha. Boliti hizo hizo zikaguliwe tena kwa spana baada ya kilomita mia chache.